Muulize Mama Fundi: Programu za DOS kwenye kompyuta za leo

Mwezi huu maswali ya simu yasubiri. Barua zinazohusu programu za DOS zimerundikana mezani kwangu na zimekaa vya kutosha. DOS ni mfumo ulioendesha kompyuta kabla ya Windows; nazungumzia zile programu zake za skrini nyeusi na maandishi matupu, zinazoendeshwa kwa kibodi bila kipanya, ambazo mpaka leo zinashika hesabu za vyama vya akiba, orodha za maktaba na stoo za maduka. Mimi nilijifunzia kazi kwenye mashine za aina hiyo, na ninajua kwamba nyuma ya kila barua kuna kumbukumbu zisizopatikana popote pengine. Panapohitaji kirefu nitajibu kwa kirefu.

Shikamoo Mama Fundi. Chama chetu cha akiba na mikopo kinatumia programu iliyoandikwa kwa lugha ya Clipper mwaka 1994, na aliyeiandika alishafariki. Kompyuta yake imeanza kujizima yenyewe. Tumenunua mpya yenye Windows 11 na kuhamisha folda yote kwa flashi, lakini tukibofya tunaambiwa programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Fundi wa hapa anasema mafaili yameoza, tuanze upya. Pia tungependa makarani wawili waifungue kwa pamoja kama zamani. Tufanyeje? — Katibu wa SACCOS, Moshi

Marahaba mwanangu. Poleni kwa kuondokewa na mwandishi wenu. Kazi yake ni nzima. Mafaili hayajaoza. Ninawasihi msianze upya, na asiguse mtu ile kompyuta ya zamani kwa nia ya kufuta chochote mpaka mmalize kusoma jibu hili.

Kwanza nakala. Kompyuta inayojizima si ya kuaminiwa hata kwa siku moja, kwa hiyo msiridhike na ile flashi mliyohamishia haraka. Ichomoeni diski yake. Kwa umri huo bila shaka ni ya IDE, ile yenye waya mpana bapa, na madukani kuna adapta ya kuiunganisha na USB. Nakilini folda nzima bila kuchagua. Mafaili ya .DBF ndiyo rekodi zenyewe, ya .DBT yanabeba maelezo marefu, na ya .NTX ni faharasa. Nakala moja iende kwenye kompyuta mpya, nyingine ikae kwenye sefu ya chama. Mkitaka kutuliza moyo, fungueni nakala ya .DBF kwa LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, nanyi mtaona majina ya wanachama yamejipanga safu kwa safu. Tazameni tu. Msihifadhi kitu kutoka humo, maana Calc inaweza kubadili muundo wa safu na programu yenu ikashindwa kulisoma faili.

Sasa sababu ya kukataa. Intel ilipotoa prosesa ya 80386 mwaka 1985, iliipa uwezo wa kujifanya prosesa kadhaa za 8086, zile za kizazi cha kwanza cha DOS. Windows za biti 32 ziliutumia uwezo huo kuendesha programu kama yenu. Ndani ya Windows NT na ndugu zake sehemu inayofanya kazi hiyo huitwa NTVDM. AMD ilipoleta prosesa za biti 64 mwaka 2003, uwezo huo haukuwekwa kwenye hali ya biti 64, na Microsoft nayo haikuihamishia NTVDM huko. Windows 11 ipo ya biti 64 pekee. Kompyuta yenu mpya haina mahali pa kuipokea programu ya DOS ya biti 16 kama yenu, hata iwe nzima namna gani.

Njia ni kutumia emuleta, programu inayoiga kompyuta nzima ya zamani: prosesa, kadi ya skrini, kibodi na vyote. Inayojulikana zaidi ni DOSBox, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, nayo ni ya bure. Ukishaiweka, unaandika mount c c:\mikopo, unahamia C: na kuita programu kwa jina lake. Kwa karani mmoja hilo linatosha, na ninaamini mtafurahi kuiona skrini yenu imerudi.

Kwa makarani wawili nendeni polepole, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapoweza kupotea. Programu ya Clipper iliyoandikwa kwa ajili ya watu wengi huomba DOS iifungie rekodi inayohaririwa, ili mwingine asiiguse mpaka wa kwanza amalize. Enzi za DOS ombi hilo lilishughulikiwa na SHARE.EXE, iliyokuja na DOS 3.0 mwaka 1984. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na ombi la kufungia rekodi hailitekelezi. Mkifungua DOSBox mbili juu ya folda moja, karani wa kwanza ataandika marejesho ya mkopo, wa pili ataandika akiba kwenye rekodi hiyohiyo, na mmoja atafuta kazi ya mwenzake bila onyo lolote. Faharasa za .NTX nazo zitavurugika, na mwanachama aliyemo ataonekana hayumo.

Tumieni basi vDos, iliyotengenezwa mahususi kwa programu za ofisi, au DOSBox-X ikiwa imewashiwa kipengele cha kufungia mafaili. Halafu mjaribu juu ya nakala, kamwe si juu ya mafaili halisi. Karani mmoja afungue rekodi ya mwanachama kwa kuihariri na aiache hivyo. Wa pili ajaribu kuifungua hiyohiyo. Wa pili lazima akataliwe. Wakiingia wote wawili, simamisheni zoezi na mbaki na karani mmoja mpaka mpate msaada.

Yapo mambo mengine mawili. Programu ikilalamika kwamba haiwezi kufungua mafaili zaidi, ongezeni idadi kwenye mstari wa FILES katika mipangilio, kwa kuwa kila .DBF huja na faharasa zake na zote zinahesabiwa. La pili ni tarehe. Betri ndogo ya bodi ikifa, kompyuta nyingi za zamani hurudi tarehe 1 Januari 1980, siku ambayo kalenda ya DOS inaanzia. Programu ya mikopo hukokotoa riba kwa tarehe ya mashine. Pitieni miamala ya miezi ya mwisho mhakikishe hakuna iliyoandikwa mwaka 1980.

Mama Fundi, duka letu lina kompyuta ya Windows 7 ya biti 32. Programu ya stoo ya DOS ikiwa wazi, hata kama hakuna anayeigusa, feni inavuma kutwa nzima na programu nyingine zote zinakuwa nzito. Ni virusi? — Mhasibu, duka la vifaa vya ujenzi, Mwanza

Si virusi. Programu yako inangoja ubonyeze kitufe, na namna yake ya kungoja ni kuuliza, "kuna kitufe?", maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde bila kupumzika. Chini ya DOS hilo halikumdhuru mtu, kwani hapakuwa na programu nyingine iliyohitaji prosesa. Chini ya Windows, maswali hayo yanahesabika kuwa kazi, na prosesa inafanya kazi hiyo kwa nguvu zote.

Bofya kulia kwenye alama ya programu, fungua sifa zake, na katika ukurasa wa mambo mengineyo utakuta kitelezi cha kupima utulivu wa programu. Kisogeze upande wa juu, na Windows itaanza kuipunguzia zamu kila inapoiona inauliza tu. Isiposaidia, tafuta programu ndogo iitwayo TAME, iliyoandikwa kwa tatizo hili hasa. Watunzi waangalifu wa miaka ya 1990 waliweka kwenye programu zao wito wa kuachia zamu wenyewe, INT 2Fh wenye namba 1680h, na ndiyo maana baadhi ya programu za DOS ni tulivu kabisa na nyingine zinachemsha mashine. Wengi hawakuuweka. Siwalaumu, waliandika kwa ajili ya mashine iliyokuwa mbele yao.

Shikamoo. Mwalimu alitufundisha kwamba DOS haiwezi kuendesha zaidi ya programu moja. Lakini nimesoma kwamba mwaka 1985 kulikuwa na DESQview iliyoendesha kadhaa kwa pamoja juu ya DOS hiyohiyo. Nani ana haki? — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Umeuliza swali ninalolipenda. Mwalimu wako yuko sahihi, na ulichosoma nacho ni kweli.

DOS ni kama nyumba iliyojengwa kwa mpangaji mmoja. Hana jirani, kwa hiyo anaanika nguo uwanja mzima na kuacha milango wazi. IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981 ikiwa na prosesa ya 8088, kumbukumbu yote inayofikika ilikuwa megabaiti 1, na kati ya hiyo programu zilipewa kilobaiti 640 za chini. Zilizobaki ziliachiwa skrini, BIOS na kadi nyingine. Hapakuwa na ukuta wowote. Programu iliweza kuandika popote, na nyingi zilifanya hivyo: badala ya kuiomba DOS ioneshe herufi, ziliandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, kwenye anwani B8000, kwa sababu njia halali ilikuwa polepole mno.

Hata hivyo watu walitaka zaidi. Mwaka 1984 Borland walitoa SideKick, daftari na kikokotoo vinavyokaa kumbukumbuni vikisubiri. Ukiwa ndani ya programu nyingine unabonyeza Ctrl na Alt kwa pamoja, na SideKick inajitokeza juu yake. Tuliona ajabu kubwa. Ndani yake kulikuwa na hatari ambayo mtumiaji hakuiona: DOS haikubali kuitwa mara ya pili kabla haijamaliza wito wa kwanza. Programu ya kujitokeza ikiamka katikati ya kuandika diskini na kuiita DOS tena, kila kitu kinavurugika. Ndani ya DOS kuna alama inayoonesha kama yenyewe iko kazini, na kwa muda mrefu Microsoft haikuiandika kwenye vitabu vyake. Waandishi wa programu waliigundua na kuelezana. Walishika pia mapigo ya saa ya mashine, kama 18 kwa sekunde, na kwa kila pigo walichungulia kama ni salama kuamka. Ukiweka programu mbili au tatu za namna hiyo, zilianza kugombania vitufe na mapigo, na mara nyingi suluhisho pekee lilikuwa kubadili mpangilio wa kuziwasha mpaka upatane.

DESQview ya Quarterdeck, kampuni ya Santa Monica huko California, ilikwenda mbali zaidi: ilitoa zamu. Programu hii kidogo, ile kidogo, na kila moja na dirisha lake. Kwenye 8088 na 80286 ilikwama kwenye uwanja uleule mmoja. Programu iliyoandika moja kwa moja kwenye B8000 ilichafua dirisha la mwenzake, na zote pamoja ziligawana zile kilobaiti 640. 80286 ya mwaka 1982 iliweza kufikia megabaiti 16, lakini ikishaingia kwenye hali yake ya ulinzi hairudi kwenye hali ya DOS mpaka uiwashe prosesa upya, kwa hiyo kwa programu za zamani haikutufaa sana.

Mambo yaligeuka kwa 80386. Sasa kila mpangaji alijengewa nyumba nzima inayofanana na ile ya mwanzo, na hakujua kwamba kuna nyingine. Programu inaandika B8000 ileile, prosesa inaielekeza kwenye ukurasa mwingine wa kumbukumbu, na dirisha la jirani linabaki safi. DESQview pamoja na QEMM-386, programu ya Quarterdeck ya kusimamia kumbukumbu, ziliishi kwa uwezo huo. Windows/386 ya mwaka 1987 pia, Windows 3.0 ya Mei 1990 vilevile, na OS/2 2.0, mfumo endeshi wa IBM, mwaka 1992, ilifungua DOS nyingi kwa wakati mmoja kwa ustadi ambao mimi binafsi naona haukupewa heshima yake. OS/2 ya kwanza, ya Desemba 1987, iliandikwa kwa ajili ya 80286 na ilikuwa na nafasi ya programu moja tu ya DOS. Ukitoka kwenye hiyo programu kwenda nyingine, inasimama.

Usichanganye hayo na DOSSHELL ya MS-DOS 5.0, ya mwaka 1991. Ile ilibadilisha programu tu: ya kwanza inalazwa diskini, ya pili inaingia. Iliyolazwa haifanyi kazi yoyote. Kama ilikuwa inakokotoa mishahara, imesimama.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wako kwa heshima kwamba DOS yenyewe haikuwahi kujifunza. Waliojifunza ni wale waliokaa chini yake na kuigawa mashine.

Mama, maktaba yetu ina orodha ya vitabu kwenye CDS/ISIS ya DOS, iliyoingizwa kuanzia miaka ya 1990. Nimeiweka kwenye DOSBox, inafunguka lakini inasema haioni hifadhidata. Mafaili ninayaona kwa macho. Lengo letu ni kuhamia Koha, programu ya kisasa ya maktaba. — Mkutubi, Iringa

Dada yangu, heko kwa kuyatunza. UNESCO waligawa CDS/ISIS ya kompyuta ndogo bila malipo kuanzia miaka ya 1980, na maktaba nyingi za Afrika zilijengea orodha zao humo. Nimeona kwingine mafaili hayo yakitupwa pamoja na kompyuta, na kazi ya makarani wa miaka mingi ikaenda nayo. Ninyi hamkufanya hivyo.

Tatizo lako liko kwenye faili dogo la maandishi liitwalo SYSPAR.PAR. Humo zimeandikwa njia za folda kama zilivyokuwa kwenye mashine ya kwanza. Lifungue kwa kihariri cha maandishi, usome njia zilizomo, halafu ama uzibadilishe, ama uunganishe DOSBox kwa namna ambayo njia zitafanana na za zamani. Mimi napendelea la pili, kwa sababu hugusi chochote cha asili. Hakikisha .MST na .XRF za hifadhidata ziko pamoja; .MST ina rekodi, .XRF inajua kila rekodi ilipo.

Ikifunguka, toa rekodi zote kwa muundo wa ISO 2709 kupitia menyu ya kubadilishana data. Usilipeleke faili hilo Koha moja kwa moja. CDS/ISIS hukata mistari kila baada ya herufi 80, na programu nyingine hazitegemei mikato hiyo, kwa hiyo lazima iondolewe kwanza. Pia namba za sehemu ni zile mlizojichagulia wenyewe, si za MARC, muundo wa rekodi unaotumiwa na maktaba nyingi: kichwa cha kitabu kwenu kinaweza kuwa namba 24, wakati MARC inakitaka kwenye 245. Kaa na mkutubi mwenzako mwandike jedwali la namba zenu upande huu na za MARC upande ule, kabla ya kumwita fundi. Hiyo ni kazi ya ukutubi, na fundi akiachiwa peke yake atabahatisha.

Programu ya ratiba ya shule, iliyoandikwa kwa Turbo Pascal, inafunga papo hapo na kuandika "Runtime error 200". Kwenye kompyuta ya zamani ilikwenda vizuri. — Mwalimu, Kisumu

Kompyuta yako ina kasi kupita programu. Moduli ya CRT ya Turbo Pascal 7 huanza kwa kuhesabu ni mizunguko mingapi inafanyika katika pigo moja la saa, milisekunde 55, kisha inagawanya kwa 55. Kwenye prosesa za kuanzia enzi ya Pentium II jibu lilikuwa kubwa kuliko nafasi ya biti 16, na programu ikaanguka kabla hata ya kuonesha menyu. Ndani ya DOSBox punguza kasi kwa Ctrl+F11, au andika cycles=3000 kwenye mipangilio, kisha iwashe upya. Kama una maandiko asilia ya programu (source code), viko viraka vya moduli ya CRT. Tafuta kimoja na uikusanye upya, utakuwa umelimaliza.

Zahanati yetu inatoa stakabadhi kwa programu ya DOS. Tuna Windows 10 ya biti 32, programu inafunguka vizuri, ila printa mpya ya USB haitoi kitu. — Karani, Unguja

Programu yenu inaijua LPT1 tu, yaani mlango wa printa wa enzi za DOS. Ishirikishe printa kwenye Windows kwa jina fupi lisilo na nafasi, tuseme RISITI, kisha kwenye dirisha la amri andika net use lpt1 \\jina-la-kompyuta\risiti /persistent:yes. Kuanzia hapo kila kinachoelekezwa LPT1 kitaishia kwenye printa.

Lakini kabla hujafanya hivyo, tazama ni printa gani. DOS inatuma herufi tupu, na printa nyingi za bei nafuu hazielewi herufi tupu. Zinangoja Windows izichoree ukurasa. Kwa stakabadhi nunueni printa ya nukta inayoelewa lugha ya ESC/P ya Epson. Zinauzwa hadi leo zenye mlango wa USB, na zinapiga karatasi za nakala mbili kwa mara moja, jambo ambalo mgonjwa na mkaguzi wa hesabu wote wanalihitaji. Mkija kuhamia Windows ya biti 64, chukueni DOSBox-X au vDos, zote zinaweza kupeleka machapisho ya DOS kwenye printa ya Windows.

Na hiyo Windows 10, msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ichomoeni kwenye intaneti leo hii, ibaki na kazi ya stakabadhi peke yake.